Pikipiki Juu ya Tela, Fomu kwa Kiingereza

Ukifika mpakani mwa Tanzania na Kenya utasalimiwa kwa Kiswahili, utaulizwa unakwenda wapi kwa Kiswahili, na mzigo wako utakaguliwa kwa Kiswahili. Baada ya hapo utapewa fomu ya Kiingereza usaini. Wanachuo wenzangu, hapo kwenye kusaini ndipo watu wanapoliwa pesa zao, na hapo ndipo sisi tunaosomea ualimu tuna kazi ya kufanya.

Nina miaka 22, niko mwaka wa tatu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Jiografia. Nimekulia mji wa mpakani. Sitautaja, kwa sababu ninayoyasema hapa hayahusu kituo kimoja. Baba mdogo ana gereji ya pikipiki upande wetu, na wateja wake wengi ni vijana wa Kenya wanaoendesha nduthi, kama wanavyoziita wenyewe. Pikipiki ikiwa nzima wanakuja nayo ikinguruma. Ikifa injini wanaikodishia pikapu yenye tela, na mara nyingi wanachanga wawili au watatu ili nauli iwe moja.

Kabla sijafika kwenye makaratasi, nataka mjue hawa watu si wajinga. Kufunga pikipiki tatu juu ya tela ni elimu. Gurudumu la mbele linaegemezwa kwenye ubao wa mbele wa tela. Mikanda miwili inashika usukani na kuvutwa chini, kila mmoja upande wake, mpaka shokapu za mbele zibonyee kiasi. Zikibonyea mno sili zinaweza kupasuka, zisipobonyea pikipiki inacheza barabarani. Mikanda mingine miwili inashika nyuma. Stendi ya pembeni haiguswi, maana pikipiki ikisimamia stendi, shimo moja tu linatosha kuilegeza mikanda. Koki ya mafuta inafungwa. Uzito unapangwa uegemee mbele kidogo ya ekseli, kwa sababu tela lenye mzigo mwingi nyuma linaanza kuyumba na linaweza kuivuta pikapu nje ya barabara. Ukishatembea kilomita chache unasimama, unakaza upya.

Yote hayo baba mdogo aliyajua kwa Kiswahili, akamfundisha kijana wake wa gereji kwa Kiswahili, na kijana akaelewa ndani ya wiki moja. Elimu ya watu hawa inakwama sehemu moja tu, kwenye karatasi.

Sasa twende kwenye karatasi zenyewe. Kijana akivuka juu ya pikipiki yake, ofisa anaona mtu na chombo chake cha usafiri. Pikipiki hiyohiyo ikija juu ya tela, haina mtu juu yake na injini imekufa, maswali yanabadilika. Machoni pa forodha inaweza kuwa bidhaa inayokuja kuuzwa. Inaweza kuwa inakuja kuchinjwa iwe spea. Inaweza kuwa ya wizi. Au inaweza kuwa mgonjwa anayekuja kutibiwa arudi kwao. Ofisa hawezi kujua kwa kuitazama. Anachohitaji ni majibu ya maswali matatu: ni ya nani, imekuja kufanya nini, na inarudi lini?

Swali la kwanza linajibiwa na kadi ya pikipiki, pamoja na barua ya mwenye mali kama aliyeileta siye mwenyewe. Na mara nyingi siye, kwa sababu vijana wengi wa boda wanaendesha kwa mkataba au kwa mkopo, na kadi ina jina la tajiri au mkopeshaji. Kumbuka pia kwamba pikapu ina kadi yake, na tela linasajiliwa kivyake na kupewa namba yake. Pikapu, tela na pikipiki tatu ni vitu vitano, na kila kimoja kinaweza kuulizwa kivyake. Pikapu inayovuka inahitaji pia bima inayotambulika ng'ambo, na hapo ndipo inapotumika Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kadi hiyo inatumika kwetu mpaka leo.

Swali la pili na la tatu ndiyo yenye kesi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatenganisha mzigo unaoingia nchini kubaki na mzigo unaoingia kwa muda. Wa kubaki unalipiwa ushuru kama unastahili. Wa muda unaweza kusamehewa ushuru, pengine kwa kuweka dhamana, alimradi utoke ndani ya muda uliopangwa, usiozidi miezi 12. Ni jambo rahisi, mtoto wa darasa la sita analielewa. Shida ni kwamba mzigo unaobaki unaitwa kwa Kiingereza jina ambalo ukilitafsiri neno kwa neno unapata "matumizi ya nyumbani."

Msomaji, wewe ungesoma vipi?

Likizo iliyopita kijana mmoja kutoka ng'ambo alileta pikipiki yake juu ya tela pamoja na nyingine mbili. Kwenye geti alipokewa na kishoka, wale watu wanaozunguka na kalamu sikioni wakijiita mawakala. Kishoka alimuuliza, "Hii ni ya biashara au ya nyumbani?" Kijana akajibu kwa uaminifu kabisa, "Ya nyumbani, bro. Ni yangu." Kishoka akaandika, akachukua hela yake, akayeyuka. Kwa kalamu hiyo pikipiki ya mgonjwa ikawa pikipiki iliyohamia Tanzania. Baba mdogo alimaliza kuitengeneza kwa siku nne. Ilikaa gerejini wiki tatu.

Siku ya kuirudisha nilikuwapo. Ofisa wa forodha, dada mmoja mpole tu, alitazama karatasi akasema, "Mdogo wangu, hii inaonekana imeingia kubaki. Mbona sasa inatoka?" Kisha akaeleza. Kwa Kiswahili, kwa dakika zisizozidi tatu, alieleza tofauti ya kuingia kubaki na kuingia kurudi, karatasi gani inahitajika kwa kila moja, na namna ya kusahihisha. Kila mtu kwenye ile foleni alielewa. Mzee mmoja mwenye magunia yake alisema kwa sauti, "Kumbe ndiyo hivyo!"

Maelezo hayo yaliyojaa kichwani mwa ofisa mmoja ndiyo yaliyotakiwa kubandikwa ukutani tangu mwanzo. Yangekuwa ukutani, kishoka asingekuwa na cha kuuza. Wiki tatu kwa mtu anayelipa mkopo wa pikipiki kila siku ni ugali wa watoto, na ni tajiri anayepiga simu kila asubuhi akitishia kuchukua chombo chake.

Pikipiki ya pili kwenye tela lile ilikuwa na fundisho lingine. Bloku ya injini ilikuwa imepasuka, ikabidi ibadilishwe. Sasa namba ya injini imegongwa kwenye bloku, kwa hiyo pikipiki iliingia na namba moja na ilikuwa inatoka na nyingine, ingawa namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu ilikuwa ileile. Baba mdogo, kwa akili yake ya gereji, aliandika barua, akaambatanisha risiti ya bloku mpya, akaifunga ile iliyopasuka kwenye tela irudi pamoja na pikipiki yake. Ofisa akasoma namba ya zamani kwenye chuma chenyewe. Bila hivyo, kijana yule angeonekana ana injini ya wizi. Hakuna mahali popote palipomwambia baba mdogo afanye hivyo.

Na vurugu haiishii hapo. Mtaani kwetu watu wanasema, "Chini ya dola 2,000 hakuna ushuru." Ni kweli upo utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000. Lakini ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, mfano mahindi na maharage. Pikipiki iliyotengenezwa India haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imebeba abiria Kajiado miaka mitatu. Neno "asili" peke yake, likielezwa vizuri, lingewaokoa wengi.

Nimeyazungumza haya hosteli na nimepata pingamizi tatu. La kwanza: "Si tuko Jumuiya? Mpaka ufutwe tu." Ndugu zangu, muulizeni mtu aliyeibiwa pikipiki kama anataka mpaka ufutwe. Kusoma namba ya chesisi getini kunamlinda maskini mwenye chombo kimoja kuliko kunavyomlinda tajiri. Mimi nataka mpaka ubaki, ila useme lugha ya wanaovuka. Vituo vya pamoja kama Namanga na Rusumo tayari vimewakalisha maofisa wa nchi mbili kwenye jengo moja ili mtu asimame mara moja tu. Kama majengo yamewezekana, karatasi zitashindikana vipi?

Pingamizi la pili: sheria ni ya nchi nyingi, kwa hiyo lazima iwe Kiingereza. Sawa, sheria ya mahakamani ibaki ilivyo mpaka wataalamu wajipange. Mimi naongelea maelekezo ya ukutani na maelezo ya pembeni ya fomu. Tena mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar. Tunashangilia Kiswahili kila Julai 7 kwa ngoma na khanga. Kipimo changu mimi ni kimoja: je, mtu mwenye pikipiki juu ya tela amesoma karatasi yake mwenyewe?

La tatu lilitoka kwa rafiki yangu wa sheria, na ndilo zito. Alisema tafsiri mbovu ni hatari kuliko Kiingereza. Ana haki. "Matumizi ya nyumbani" ni tafsiri sahihi kwa kamusi na ni mtego kwa mwananchi. Ndiyo maana kazi hii haitaki mashine ya kutafsiri, inataka watu wanaojua lugha na wanaojua geti. Yule dada ofisa alishaifanya bila kujua. Maneno yake, kuingia kubaki na kuingia kurudi, yanaeleweka na kila mtu kwenye foleni. Ongeza kupita tu, kwa mzigo unaokwenda nchi ya tatu, na una kurasa nusu ya mwongozo tayari.

Sasa sisi tunaingiaje? Tazameni tunavyofundisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba ulisainiwa lini: Novemba 30, 1999. Makao makuu yako wapi: Arusha. Taja nchi wanachama. Taja faida tano. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anapata A, kisha anafika getini na pikipiki ya kaka yake na anamlipa kishoka amsomee. Mtaala mpya unasisitiza umahiri na umelipa somo la Biashara nafasi kubwa. Umahiri gani unaozidi kumsomesha mtoto wa mpakani karatasi itakayomfuata maisha yake yote?

Napendekeza mambo mawili tu, yasiyosubiri bajeti ya mtu. Kwanza, sisi tunaopangwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule za mpakani tubebe somo moja la ziada. Dakika 40, mfano wa fomu, pikipiki ya kuchora ubaoni juu ya tela, na yale maswali matatu. Wanafunzi wajaze kama mwenye pikipiki, wengine wakague kama maofisa. Nimelijaribu kwa wadogo zangu nyumbani na walibishana mpaka chakula kikapoa.

Pili, serikali ya wanafunzi iunde kikundi kidogo cha watu wa Kiswahili, sheria na biashara. Waandike ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili cha watu, waupeleke kwa maofisa wa forodha waukosoe na kuusahihisha, kisha waombe ubandikwe. Uwe na mambo haya: kadi, barua ya mwenye mali, karatasi ya tela, bima, kuingia kubaki au kurudi, tarehe ya mwisho ya kutoka, na nini cha kufanya injini ikibadilishwa. Kila chama hapa chuoni kina fulana zake na safari yake ya mwisho wa muhula. Tunaweza kumudu ukurasa mmoja.

Wiki ijayo nitaacha daftari kwenye ofisi ya jarida hili. Mwenye nia aandike jina, kozi yake, na kama kwao ni mpakani aandike mpaka gani. Mtu wa sheria naomba awe wa kwanza, na yule rafiki yangu anajua namsema yeye.