Rhodes isubiri, tuanze na ilimba

Semista imeanza, boom bado halijaingia, lakini kubishana hakuhitaji boom.

Wiki hii hapa hosteli ubishi ni mmoja tu. Washikaji wa bendi wanataka tuchange tuagize Rhodes ya zamani, kile kinanda cha umeme cha Kimarekani chenye mlio kama wa kengele. Mimi sipingi. Nasema tu isubiri, na sababu ninazo.

Kwanza tujue tunanunua nini. Harold Rhodes alianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akitengeneza vinanda vidogo kwa mabaki ya ndege ili askari majeruhi wapige wakiwa kitandani. Baadaye akaja na hiki tunachokiota. Ukibonyeza, nyundo ndogo inagonga kijiti cha chuma, kijiti kinatetemeka mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, na mtetemo unageuka umeme unaokwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana kinafufulika. Kijiti kikikatika unabadilisha, mpira wa nyundo ukiisha unabandika mwingine, na noti unairekebisha kwa kusogeza springi ndogo iliyo kwenye kijiti. Fundi redio mwenye sikio zuri anakiweza.

Lakini jamani, ni zaidi ya kilo 50, bei siku hizi ni maelfu ya dola, na toleo lenye amplifaya yake ndani likitoka Marekani linataka umeme wa volti 120, siyo 230 za kwetu. Hapo transfoma inatosha. Anayeota Hammond ndiyo asahau kabisa! Ile ina magurudumu ya chuma yanayozungushwa na mota inayofuata mapigo ya umeme. Ya Marekani imetengenezwa kwa hezi 60, sisi tuna 50, kwa hiyo kinanda kizima kinashuka karibu noti tatu za piano. Transfoma ya kawaida hailitibu hilo.

Sasa nirudi nyumbani. Chuma chembamba kinachotetemeka, kinachorekebishwa kwa kusogezwa, si ndiyo ilimba hiyo? Mgogo hakuhitaji nyundo wala waya. Ana ndimi za chuma kilichofuliwa, boksi la mti na vidole gumba viwili. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2002 alitoa albamu *Assembly* pamoja na Michael Brook, mtu wa gitaa na mitambo, na ilimba haikumezwa.

Kwetu Haneti nimeziona zinaning'inia ukutani, ndimi zimelegea, nyingine zimeng'oka. Akipita mgeni mwenye pesa ananunua, anaipeleka ikawe pambo la sebuleni. Hapo ndipo roho inaponiuma. Rhodes ikiharibika leo, vipuri vyake vinauzwa na maelezo ya kuitengeneza yamejaa intaneti. Ilimba ikiharibika, maelezo yako kwenye sikio la mzee mmoja. Mzee akiondoka, basi.

Na msinidanganye eti kuna programu ya simu ya kutyuni. Ngazi ya sauti ya Kigogo haikukatwa kwa kipimo cha piano. Kuna sauti ndani yake iko chini kidogo ya noti ya piano. Simu itakuambia imekosea, utasogeza ulimi, utafurahi, kumbe umeua ilimba ukidhani unaitibu. Hata ule mlio wa kukwaruza si ubovu. Unatoka kwenye utando wa buibui unaobandikwa juu ya tundu. Fundi mgeni ataung'oa kwa usafi tu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Pesa ya kwanza tutakayochanga iende kwenye ilimba mbili mbovu, na posho ya heshima kwa mzee anayejua kuzitengeneza. Kabla hajagusa kitu, turekodi kila ulimi ulivyo. Akimaliza, turekodi tena, na mmoja wetu akae pembeni yake ajifunze mpaka mzee aseme imetosha. Mkitaka isikike ukumbini, tufungeni sumaku na waya kama walivyofanya Konono N°1 wa Kinshasa, ambao likembe zao walizitia umeme kwa sumaku za magari mabovu. Hapo mtakuwa na chombo kile kile cha chuma, sumaku na amplifaya mnachotaka kuagiza kwa meli.

Baada ya hapo, Rhodes karibu. Tutakuwa na mikono iliyozoea kusogeza chuma na masikio yanayojua kwa nini tunasogeza. Rhodes ina watu wengi duniani wa kuifufua. Ilimba ya Haneti inatutegemea sisi, na wazee hawasubiri boom litoke.

Nawasilisha.