Mmakonde wa kwenye TV: kazi anayo, lafudhi anayo, familia hana

Ukitaka ubishi usioisha kwenye kibanda umiza chochote, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, sema tu kwamba yule mlinzi wa getini kwenye tamthilia anachekesha. Wapo watakaokuunga mkono. Wengine watakuuliza: kwani kila mlinzi lazima awe wa kwetu?

Mhusika mwenyewe anajulikana. Katoka kusini, Kiswahili chake kinapindishwa kupita kiasi, mara nyingine anachorwa chale usoni, na kazi yake ni kufungua geti, kubeba mizigo au kuogopwa kwa uchawi. Anaingia, watu wanacheka, anatoka. Mapenzi, urithi na biashara vinaendelea sebuleni kwa wenye nyumba.

Hakuzuka hewani. Tangu enzi za ukoloni, vijana wa uwanda wa juu wa Newala walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Wengine waliishia Dar es Salaam, wakawa walinzi na wachonga vinyago. Mji uliwajua kwa kazi hizo, na wachekeshaji wakaokota walichokikuta. Tatizo ni kwamba miaka imeenda, picha imeganda palepale.

Wanaotetea vichekesho hivi wana jibu moja kubwa: utani. Mchaga anataniwa kwa pesa, Mhaya kwa majivuno, Mpare kwa ubahili, mbona hawanuni? Hoja ina uzito, lakini inaishia njiani. Utani wa kwetu una kanuni zake, na ya kwanza ni kwamba mtani anajibu. Leo unamtania msibani kwake, kesho yeye anakumaliza harusini kwako. Kwenye TV kipaza sauti anacho mmoja tu.

Halafu kuna tofauti ambayo watetezi huwa wanairuka. Mchaga wa kwenye tamthilia, pamoja na tamaa yake yote ya pesa, ana duka, ana mke, ana watoto wanaogombea kiwanja. Anachekwa akiwa nyumbani kwake. Mmakonde anachekwa akiwa kwenye geti la mtu mwingine.

Kwenye muziki jibu lilishatoka. Harmonize, mzaliwa wa Mtwara, alijiita Konde Boy, na alipoondoka WCB Wasafi mwaka 2019 lebo yake akaipa jina la Konde Music Worldwide. Neno lililokuwa la kejeli mjini likawa chapa. Ila huyo ni mtu mmoja mwenye jina lake, na tamthilia inahitaji ukoo mzima.

Wapo wanaosema watazamaji wa Mtwara wanataka tu kujiona wenyewe kwenye kioo. Sio kweli. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kuhusu binti aitwaye Doudou na mama wakwe zake. Ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Hakukuwa na Mtanzania hata mmoja ndani yake. Kulikuwa na mkwe, ndoa na maneno ya chini chini, na hayo yanaeleweka popote. Tamthilia za Kituruki za Azam zimepita mlango huohuo.

Sasa angalia mahusiano ambayo waandishi wetu wanapenda. Mume anafariki, ndugu zake wanavamia, mjane anafukuzwa. Ni kisa cha kweli na kinaumiza. Lakini kwa mila za Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo hufuatwa kwa mama, na sauti nzito kwenye mambo ya watoto ilikuwa ya mjomba. Dini, sheria na maisha ya mjini vimebadilisha mengi, ndiyo. Hapo ndipo penye stori: baba anataka kumpa mwanawe shamba, wapwa nao wanalidai, na mama mtu yuko katikati, huku mumewe, huku kaka yake. Ugomvi huo wa sebuleni hauhitaji hata mchawi mmoja.

Na shamba lenyewe ni la korosho. Novemba 2018, Rais Magufuli aliagiza korosho zote zinunuliwe na serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Wakulima walihakikiwa mashamba yao kabla ya kulipwa, na wafanyabiashara wa kangomba, wale wanaomkopesha mkulima wakati wa njaa ili wachukue korosho zake kwa bei ya kutupa, wakajikuta pabaya. Mtu wa kangomba ni mhusika kamili: ndiye aliyekulipia mtoto ada, na ndiye anayekunyonya. Pengine ni shemeji yako.

Kuna na Ruvuma. Huku Wamakonde, ng'ambo Wamakonde, ndoa zinavuka mto. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka upande wa Msumbiji walivamia kijiji cha Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Familia yenye ndugu pande zote mbili inaishi vipi baada ya usiku kama ule? Habari zilipita siku mbili tatu, tamthilia hazijagusa.

Gharama nazo zipo, tusidanganyane. Kamera, waigizaji na wanunuzi wako Dar, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, na chaneli zinataka vipande vingi kwa haraka. Kumwambia mwigizaji wa Kinondoni apindishe ulimi ni rahisi kuliko kusafirisha timu nzima hadi Tandahimba. Na vijana wengi wa Mtwara wenyewe hawataki kuonyeshwa mikorosho na makuti. Wanataka magorofa na magari kama wengine.

Lakini hata kwa bajeti hiyohiyo, mlinzi anaweza kubaki getini. Mpigieni simu tu. Iite usiku akiwa zamu, na upande wa pili awe mjomba wake, akimwambia mnada umefanyika, pesa imeingia, na mkewe kaja na watu wa kwao kuidai.