Hewa ya kale ya Vostok
Kituo cha Vostok kilijengwa na Wasovieti mwaka 1957 katikati ya Antaktika, penye baridi iliyowahi kufika nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Bara hilo lilitengwa kwa ajili ya amani na sayansi na mkataba uliotiwa saini na nchi 12 mwaka 1959, na hilo ndilo lililofungua njia ya ushirikiano. Vita Baridi vikiwa bado vikali, Wasovieti walitoboa barafu, Wafaransa wakiongozwa na Claude Lorius wakaichunguza maabarani, na ndege za Wamarekani zikabeba watu na shehena. Huo ni ujasiri wa kisiasa unaostahili heshima kubwa. Kilichotafutwa kilikuwa vipovu vidogo vya hewa. Theluji inayoshindiliwa mwaka hadi mwaka hugeuka barafu na kunasa hewa ya zama zake. Kipande kikipondwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, ile ya kale hutoka na kupimwa. Matokeo ya mwaka 1987 yalirudi nyuma miaka 160,000, na ya mwaka 1999 yakafika miaka 420,000. Yote yalionyesha kwamba joto na kabonidioksaidi vilipanda na kushuka pamoja, enzi za barafu zikija na kuondoka. Katika muda wote huo, kabla ya viwanda, gesi hiyo haikuvuka sehemu 300 kwa kila milioni ya hewa. Leo imepita 420.