Mkoko Wangu, Mke Wangu na Waya wa Umeme

Leo naomba tuongelee ishu ambayo nyumbani kwangu imechukua wiki tatu sasa: niiuze Subaru yangu ninunue gari la umeme, au nisiiuze?

Wanaonijua wanaelewa uzito wa swali hilo. Mimi ni mgonjwa wa magari ya kasi toka utotoni. Mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Subaru Impreza ya bluu, niliapa kwamba ipo siku na mimi nitakuwa nayo. Ninayo. Impreza WRX ya mwaka 1999, nguvu farasi 240, gia za mkono. Ule mngurumo wake wa kukatikakatika unatokana na injini yenye silinda zilizolala na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Kitaalamu ni hivyo tu, lakini kwangu ni muziki. Mtaa mzima unajua saa niliyorudi.

Tatizo ni kwamba mwenzangu kaja na daftari. Tunakaa Tegeta, wote tunafanya kazi Posta, kwenda na kurudi ni kama kilomita 50. Kwenye foleni Subaru inakula lita moja kwa kilomita 7. Siku 22 za kazi ni lita 157, na kwa bei ya jirani na shilingi 3,000 kwa lita, hapo ni kama 470,000 kila mwezi. Gari dogo la umeme, ukihesabu na unaopotea wakati wa kuchaji, linakula kama uniti 18 kwa kilomita 100. Kwa uniti ya shilingi 350 na ushee, mwezi mzima ni kama 70,000. Tofauti ni laki nne. Akafunga daftari, akasema kwa upole: "Baba, mtoto anaanza shule Januari." Jamani, hapo ungejibu nini?

Nikaomba kwanza nilijaribu. Mshikaji wangu mmoja ana Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, akatuachia Jumamosi moja. Kiukweli niliingia nikiwa na dharau. Pale mataa ya Mwenge taa ikawaka kijani, nikakanyaga mafuta (sijui tutaitaje sasa, maana mafuta hayapo), gari likaruka kabla sijamaliza kuwaza. Mota ya umeme haisubiri turbo ijae wala mizunguko ipande, nguvu yote ya kuvuta inakuja papo hapo. Kutoka sifuri mpaka 100 hilo gari linachukua karibu sekunde 8. Kwenye barabara tupu Subaru italiacha. Lakini niambie, Dar es Salaam barabara tupu unaipata lini?

Nilichokikosa nakijua pia. Hakuna klachi wala ile raha ya kushusha gia kabla ya kona. Ni zito kuliko WRX yangu kwa kama robo tani, ingawa betri ziko sakafuni na linatulia chini. Na ule ukimya! Watengenezaji wenyewe wanajua tunaumia, ndiyo maana mwaka 2023 Hyundai walitoa Ioniq 5 N inayoigiza sauti ya injini na mshtuko wa kubadilisha gia. Bei yake ni ya watu wengine, lakini imenionyesha kwamba siumwi peke yangu.

Kwenye ukimya huohuo lakini, kuna kitu kilitokea. Kutoka Morocco mpaka Posta mke wangu alinihadithia mambo ya ofisini kwake mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya kawaida. Kwenye Subaru huwa anapiga kelele mara mbili halafu anaamua kuangalia simu. Miaka minne nimekuwa nikidhani hapendi kuongea asubuhi.

Msinielewe vibaya, sijasema ndiyo. Mapenzi ya gari yasikufumbe macho, na mapenzi ya kubana matumizi hivyohivyo. Betri za Leaf kama ile hazina mfumo wa kupoozwa kwa maji, na joto letu la pwani si mchezo. Kwa hiyo kama unaagiza iliyotumika kutoka Japani, angalia vile vipande 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi, na omba picha yake kabla hujatuma hata senti. Usidanganywe na kilomita 400 za vipimo vya Kijapani: kwa vipimo vya Ulaya gari hilohilo linapewa 270, na likizeeka hupungua. Uliza pia plagi yake, na fundi umeme akukague waya wa nyumbani kabla hujachaji usiku kucha. Ukitaka kwenda Tanga au Moshi, panga safari mapema au azima gari la shemeji. Na ushuru ukague kwenye mfumo wa TRA kwanza.

Kwenu kina dada: mwanaume anayependa gari lake, usimwambie ni bati tu. Huenda ndicho kitu cha kwanza alichojinunulia kwa jasho lake, na anahofia asije akabaki baba wa kulipa ada tu. Muulize anaogopa kupoteza nini. Na sisi wanaume, mama akitoa daftari tusione anatuchukia. Anapiga hesabu ya maisha ambayo na sisi tumo.

Sisi tumekubaliana hivi: tunatafuta Leaf yenye betri iliyopimwa, na isipopatikana nzima hatununui. Ikipatikana, Subaru inauzwa, ila laki moja katika zile nne za kila mwezi inawekwa pembeni kwa jina langu, ya kununulia ndinga ya gia za mkono siku mtoto atakapokuwa mkubwa. Wazo hilo ni lake, si langu. Mnunuzi wa kwanza anakuja Jumapili kuiona WRX, na mpaka naandika hapa bado sijaiosha.

Tukutane mwezi ujao.