Mtoto wa miaka 13 anapowahubiria wazee

Baada ya safu ya mwezi uliopita kuhusu watoto wanaoelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, msomaji mmoja, mama wa watoto watatu, aliniuliza kama kuna watu waliokaa ugenini miaka mingi na bado watoto wao wanajua walikotoka. Wapo, dada yangu. Mimi nawapima presha kila wiki.

Nafanya kazi kaskazini mwa London, si mbali na Golders Green na Hendon, mitaa ambayo Wayahudi wamekaa kwa vizazi. Siasa za Mashariki ya Kati siziingizi katika safu hii, na mkiniandikia kuhusu hizo sitajibu. Nazungumzia wagonjwa wangu, wafanyakazi wenzangu na majirani, na jambo moja tu: wanavyosoma.

Nilipohamia huku nilidhani sinagogi ni nyumba ya sala, basi. Kumbe katika Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, sinagogi huitwa "shul", na neno hilo linatokana na Kijerumani, kule kule sisi tulikotoa "shule". Chumba chao cha kusomea huitwa "beti midrashi", na "midrashi" ni ndugu wa "madrasa" yetu. Hotuba ya rabi nayo huitwa "derasha", neno la ukoo huo huo wa "darasa". Kwa hiyo yule anayesimama mbele Jumamosi asubuhi, kwa jina lenyewe, kazi yake ni kuchunguza maandiko na kuyafundisha.

Utaratibu wao ni huu. Vitabu vitano vya Musa, yaani Torati, vimegawanywa katika sehemu 54, na husomwa kwa sauti Sabato baada ya Sabato mpaka mwaka uishe. Siku wanayomaliza ndiyo siku wanayoanza tena "Hapo mwanzo". Rabi hutoa hotuba yake katika sehemu ya wiki, na mara nyingi huanza na tatizo: kwa nini neno hili limerudiwa? Kwa nini mtu huyu hakujibu? Baada ya sala watu hula kidogo, keki, samaki wa kwenye siki, mvinyo kidogo, na hapo ndipo hotuba huchambuliwa kama mpira. Bibi mmoja aliniambia hotuba za rabi wake humletea usingizi mzuri kuliko vidonge ninavyompa. Halafu, huku nikimbadilishia bendeji, akanieleza pointi tatu alizokosea rabi huyo.

Zamani hotuba haikuwa ya kila wiki. Katika miji ya Ulaya Mashariki, rabi wa mji alikuwa na hotuba kubwa mbili tu kwa mwaka, moja kabla ya Pasaka na nyingine kati ya Mwaka Mpya wao na Siku ya Upatanisho. Nyingine zilitolewa na wahubiri waliozunguka mji hadi mji. Hotuba ya kila Sabato kwa lugha ya nchi ilienea katika karne ya 19, hasa kuanzia Ujerumani. Kilichokuwa cha kila siku ni kusoma, na kusoma kwa watu wawili wawili. Wawili hao hukaa na kitabu kimoja na kubishana kwa sauti. Ukiingia katika chumba chao cha kusomea utadhani ni sokoni Kariakoo saa nne asubuhi. Mimi niliyelelewa darasani kwa amri ya "kimya, vidole mdomoni" nilitaka kucheka.

Wodini naona faida ya kelele hizo. Siku ya Upatanisho, Yom Kipuri, mtu hafungi chakula tu bali na maji, kwa muda wa kama saa 25. Wiki moja kabla yake wazee wangu wenye kisukari na figo dhaifu huanza kusumbuka, kama wazee wetu wa Kiislamu Ramadhani inapokaribia. Sheria ya Kiyahudi iko wazi kwamba kuokoa uhai hutangulia mfungo na hutangulia Sabato. Mgonjwa aliye hatarini anatakiwa ale, na upo hata utaratibu wa kumpa kiasi kidogo, kusubiri dakika kadhaa, kisha kumpa tena. Marabi hulisema jambo hili mimbarini. Lakini kujua si kukubali. Mzee mmoja alinikatalia maji kabisa. Nilimweleza habari za figo, daktari akamweleza, hakutusikia. Mwanawe alipofika hakumbembeleza. Alivuta kiti, wakabishana nusu saa juu ya ukurasa wa Talmudi ambao wote wawili waliujua kwa kichwa, kisha mzee akanyoosha mkono akachukua kikombe. Zaidi ya hapo sisemi, siri ya mgonjwa ni siri. Ninachoweza kusema ni kwamba hotuba peke yake isingefika kwenye kile kikombe. Ilihitaji mtoto aliyefundishwa kubishana na baba yake bila kumvunjia heshima.

Sasa mtaniuliza, mtoto gani? Wa kiume tu? Swali zuri, maana hapo wao wenyewe walikuwa na pengo kubwa, na aliyeliziba alikuwa mkimbizi.

Sarah Schenirer alikuwa fundi cherehani wa Kraków, Poland. Aliona wasichana wa Kiyahudi wakipelekwa shule za serikali, wanasoma Kipolandi na fasihi, wakati kaka zao wakifundishwa Torati. Nyumbani msichana alirithi mapishi na desturi, lakini maana yake hakuna aliyekaa naye kumfundisha. Matokeo mnayajua: wengi waliona mambo ya wazazi wao ni ya kishamba, wakajiondokea. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914 alikimbilia Vienna. Huko, ugenini, aliingia katika sinagogi wakati wa sikukuu ya Hanuka, akamsikia rabi akihubiri juu ya Yudithi, mwanamke shujaa, na kuwaita wanawake wamwige. Alirudi Kraków na mwaka 1917 akaanza kufundisha kikundi kidogo cha wasichana. Shule hizo ziliitwa Bais Yaakov, Nyumba ya Yakobo. Alifariki mwaka 1935, na kabla ya vita vya pili wasichana waliosoma katika shule hizo walifika makumi ya maelfu. Wengi wao, pamoja na walimu wao, waliuawa na Wanazi. Shule zenye jina hilo zipo leo London, New York na Yerusalemu.

Napenda kufikiria waliokuwa wamekaa karibu naye siku ile Vienna. Walisikia hotuba ile ile, pengine wakaisifu, wakaenda kula.

Turudi kwa mtoto. Mvulana akifika miaka 13 huhesabiwa mtu mzima wa kidini, msichana ni miaka 12, au 13 katika baadhi ya jumuiya. Mwezi Februari mfanyakazi mwenzangu alinialika kwenye bar mitzva ya mwanawe. Mlangoni kulikuwa na walinzi waliokagua mifuko, jambo la kusikitisha lakini la kawaida huku. Kijana alisoma Torati kwa Kiebrania, kwa mahadhi yake, kisha akageuka kutoa hotuba. Sehemu ya wiki ilikuwa ile ya Yethro, mkwe wa Musa, anayemkuta Musa akiamua kesi za watu peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni na kumwambia utachoka, gawa kazi. (Wauguzi tunaomba Yethro atembelee hospitali zetu.) Kijana aliuliza: Musa amezungumza na Mungu, inakuwaje jambo dogo kama hili afundishwe na kuhani wa Midiani, mgeni? Akataja mwanachuoni mmoja wa kale, akasema hakubaliani naye, akatoa jibu lake. Alitetemeka, miguu niliiona. Alipomaliza akarushiwa peremende kama mvua.

Kwenye chakula babu mmoja alimfuata, akamwambia jibu lako lina tundu, akalionyesha. Mtoto akafikiri, akamjibu. Babu akampinga tena. Hakuna aliyesema "usibishane na mkubwa". Mama yake alisimama pembeni na sahani yake, anatabasamu.

Nilirudi nyumbani nikiwaza shughuli zetu. Pilau ipo, sambusa zipo, wazee wanahutubia kwa zamu kuhusu maadili, na watoto wako chumba cha pili na simu. Hata mahubiri ya kanisani na hutuba ya msikitini tunazisikiliza, tunasema amina, na kwenye gari tunazungumzia maegesho. Mtoto tunamtaka ajue Kiswahili, lakini ni lini mara ya mwisho tulimuuliza kwa Kiswahili jambo ambalo sisi wenyewe hatuna jibu lake?

Kwenye kikundi chetu cha Jumapili moja ya mwezi tumejaribu kitu. Mtoto mmoja kwa zamu anapewa dakika kumi mbele ya wote, anachagua methali, kisa cha nyumbani au aya ya dini yake. Wakubwa wanaruhusiwa kuuliza, hawaruhusiwi kumjibia. Wa kwanza, binti wa miaka 11, alichagua "Haraka haraka haina baraka", akatutazama na kuuliza, "Na gari la wagonjwa je?" Tulibishana mpaka wali ukapoa. Wajomba wawili nusura wakosane.

Mwezi ujao ni zamu ya kijana wa miaka 12. Ameniomba kwa simu, "Anti, tafadhali, usinisahihishe ngeli mbele za watu." Nimekubali. Nimemwambia swali nitauliza.