Picha za familia zisilale nyumba moja

ASUBUHI ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuvamia mji wa Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na nyumba nyingi zilifukiwa na kila kilichokuwamo. Baada ya maafa, unga, magodoro na nguo vinaweza kuchangwa. Picha ya mama aliyefariki haichangwi na yeyote.

Somo hilo ni la kila nyumba, iwe Katesh, Dongobesh au Haydom. Zamani kumbukumbu zilikaa kwenye albamu ya sebuleni. Leo zimetawanyika kwenye simu za watoto, kwenye memori kadi iliyosahaulika kabatini, na kwenye kompyuta moja ambayo kila mtu huimwagia picha zake. Zikifika elfu kumi, hakuna anayethubutu kuzipanga. Kisha msiba unatokea, na usiku huohuo ukoo mzima unahangaika kutafuta picha moja nzuri ya marehemu.

Kazi hii ianze kwa mtu mmoja, labda kijana aliyerudi likizo. Afungue folda moja kuu ya familia, ndani yake folda ya kila mwaka, na ndani ya mwaka folda ya kila tukio: "2019-08 Harusi ya Dada", "2022-12 Krismasi kwa Bibi". Mwaka ukitangulia, kisha mwezi kwa tarakimu mbili, kompyuta yenyewe huzipanga kwa mfuatano.

Zinazofuata ni picha zinazojirudia. Picha moja ya harusi ikipita makundi matatu ya WhatsApp, hurudi nyumbani mara tatu, tena ikiwa imepunguzwa ubora. Nakala nzuri ni ile iliyo kwenye simu ya aliyepiga, na aombwe aitume kama faili, si kama picha ya kawaida. Kufuta kusubiri mpaka nakala za akiba ziwepo.

Halafu majina. Bibi aketi mbele ya kompyuta na kuulizwa: huyu ni nani, hapa ni wapi? Kama anasimulia vizuri zaidi kwa Kiiraqw au Kidatoga, arekodiwe kwa simu, na sauti hiyo ihifadhiwe kwenye folda ya picha hizo. Zile za karatasi zipigwe picha mbele na nyuma, kwa sababu maandishi ya nyuma nayo ni historia. Iliyoandikwa "Mbulu, Arusha, 1998" haijakosewa. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002.

Mwisho ni nakala, na hapa ndipo familia nyingi hujidanganya. Flashi iliyo ndani ya begi la kompyuta haitasaidia, maana mwizi, moto au tope vitachukua vyote kwa pamoja. Nakala ziwe tatu: ya kwanza kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu kwa ndugu anayeishi mbali, Babati, Arusha au Dodoma. Picha elfu kumi za wastani wa MB 3 ni kama GB 30 tu, hivyo flashi ya GB 64 inazibeba bila hata kutumia bando. Kila mwaka flashi hiyo ifunguliwe na kuongezewa picha mpya, kwani ikiachwa miaka mingi inaweza kufa kimyakimya.

Desemba, wakati watoto wanarudi nyumbani kwa sikukuu, ndiyo nafasi nzuri. Simu zote zinakuwa chini ya paa moja, na bibi yupo wa kutaja majina. Anayeondoka Januari aibebe flashi pamoja na mahindi yake.