Keshia wa bekari akisema "ngoja iingie", ngoja

Saa saba mchana, pita bekari yoyote ya mtaa kule Buruburu, Umoja ama Kayole. Foleni imefika mlangoni. Fundi wa jua kali, mwanafunzi wa college, makanga aliye na dakika kumi tu, wote wanataka kitu cha haraka: samosa mbili, KDF, chai, labda soda baridi. Wengi wanalipa kwa simu. Halafu inaanza:

"Madam, si nimekuonyesha message?"

"Boss, kwangu haijaingia."

Watu kwenye foleni humuunga mkono mteja, kwa sababu wana njaa. Sisi tuko upande wa keshia.

Ujumbe ulio kwenye simu yako si pesa. Mtu anaweza kuuandika mwenyewe, kubadilisha kiasi, ama kuonyesha wa jana. Keshia mwenye watu kumi mbele yake hawezi kukagua tarehe na code kwenye kioo kilichopasuka cha simu ya mtu mwingine. Anachoweza kuamini ni kile kilichofika kwenye simu ya duka. Na jioni hesabu ikikataa, mara nyingi pengo halimgusi mwenye bekari. Linakatwa kwa mshahara wa yule msichana wa kaunta. Lunch mbili za uongo kwa siku, na yeye amefanya kazi nusu siku bure.

Lakini pia tuseme ukweli kuhusu wenye biashara. Kuna wale wanaotembea na simu ya till mfukoni, wako mjini ama wamelala nyumbani, na keshia analazimika kupiga simu kila mtu akilipa. "Mama, mia na themanini imeingia?" Hiyo si kazi, ni mateso. Acha simu ya duka kaunta, ama uulize kama till yako inaruhusu kuongeza namba ya msaidizi apate ujumbe pia.

Kuna jambo lingine linalotusumbua: ukiambiwa "tuma tu kwa hii namba yangu". Usikubali haraka. Kwa M-Pesa, ukilipa kwa till wewe mteja hukatwi kitu. Ukituma kwa namba ya mtu, kutoka shilingi 101 hadi 500 unakatwa 7. Ni kidogo, ndio, lakini ukila hapo siku tano kwa wiki ni shilingi 35 umetupa bure. Na kwa till unaona jina la biashara kabla ya malipo kukamilika. Kama umekaa Bekari ya mtaa na jina linasema duka la vipuri, simama hapo hapo. Ukikosea namba ya mtu kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe kwenda 456 mara moja, kabla pesa haijatolewa.

Mkiwa marafiki wanne mnachanga, mmoja alipe yote kwa till, wengine wamrudishie. Kutuma shilingi 100 kwenda chini hakuna ada. Kwa hivyo ile hadithi ya "nitakutumia kesho, sina ya kutuma" haina miguu, bana.

Na network ikigoma kabisa? Hapo mteja ana haki ya kukasirika kidogo. Usilipe mara ya pili. Usifute ujumbe wako. Mwambie keshia aandike ile code, kiasi na saa kwenye daftari, pamoja na namba yako ya simu. Mwenye duka akiitisha taarifa ya till jioni, code hiyo iko ama haiko.